Maiti Hapigi Kengele

Kwa miaka yote niliyofanya kazi na Klementina Linus, sikumbuki karatasi yake hata moja niliyoichapa mara moja ikaisha. Nilikuwa namaliza, naichomoa kwenye taipu, nampelekea, naye anaisoma akiwa amesimama, kisha anasema, "Ashura mdogo wangu, hapa mtu anaweza kupita." Ndivyo alivyosema daima, hapa mtu anaweza kupita, kama mwenye shamba anayekagua ua wake dhidi ya nguruwe pori. Nami narudi kwenye mashine yangu nabamiza herufi kwa hasira, kwa sababu vidole vilikuwa vyangu, si vyake.

Shirika letu silitaji jina, maana baadhi ya waliokuwa wakubwa wake bado wanapita barabara yangu na tunasalimiana vizuri. Lilikuwa shirika dogo lenye ofisi Nachingwea mjini, na kazi yake ilikuwa kuzipatia zahanati za vijijini vifaa: vitanda, magodoro, taa, matangi ya maji. Fedha ilitoka kwa wafadhili, vitu vilitoka kwa mafundi na wafanyabiashara, na katikati alikaa Klementina, afisa ugavi, akiandika vigezo. Kigezo, kwa asiyejua, ni sentensi inayomwambia muuzaji kitu unachotaka kiweje kabla hajakuletea. Ukiandika "kitanda imara" tu, umekwisha. Kila fundi ana imara yake. Utaletewa kitanda, nacho kitakuwa imara mpaka mtu akikalie.

Alizaliwa Naipingo, mtoto wa kwanza wa mzee Linus, mkulima wa korosho na mbaazi. Baada ya shule alipata kazi ya kupokea korosho kwenye ghala la ushirika, na hapo ndipo alipoiokota tabia iliyomfuata maisha yake yote. Wakulima wetu ni watu wema, lakini mwenye watoto wasio na nguo hujua kuweka korosho nzuri juu ya gunia na mawe katikati. Klementina hakubishana na mtu. Alifungua gunia, akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono mpaka begani, na alichokishika huko chini ndicho alichokiandika. Wakamwita Mkono. Hata alipokwenda kusomea ugavi na kuja kwetu na meza yake na kiti cha kuzunguka, watu wa Naipingo wakipita bado walimwita Mama Mkono, naye akaitika.

Hakuna alichokichukia kama kutia sahihi kwenye hati ya kupokelea mali kabla hajakigeuza kitu juu chini. Nimewahi kumkuta amelala chali sakafuni, kitenge kimefungwa vizuri miguuni, anachungulia chini ya kabati jipya huku dereva wa muuzaji anapiga honi nje.

"Mwache apige," aliniambia kutoka huko chini. "Nikishasema nimepokea, kabati likianguka litakuwa limeniangukia mimi."

Kati ya mafundi waliotuuzia vitu, msumbufu kuliko wote alikuwa Bonifasi. Alikuwa Mngoni wa upande wa Peramiho, seremala na mchomeleaji, aliyekuja Nachingwea kujenga jengo moja akaoa na kubaki. Klementina ni Mmwera. Wa kwetu ameshaelewa; kwa mgeni nitaeleza kwamba Wangoni na Wamwera ni watani. Wazee wao walipigana sana zamani, watoto wao wakaachiwa maneno ya kuchekesha badala ya mikuki. Mtani anakuambia usoni jambo ambalo ndugu yako analimeza, na ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Mzee Linus alipofariki, Bonifasi alifika msibani mapema, akalikuta jeneza tupu linasubiri barazani, akaingia ndani akalala. Akafumba macho, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alikuwa mfupi na humo nafasi imebaki nyingi. Watu msibani walicheka huku machozi yanawatiririka. Klementina mwenyewe ndiye aliyemletea huyo jogoo, na kabla ya kumkabidhi akampiga naye kichwani. Tangu siku hiyo wakawa wanaitana mtani tu, majina yakasahaulika.

Mwaka 1995 Ruangwa ikawa wilaya, ikaachana na Nachingwea, nasi tukafungua chumba cha ofisi huko. Klementina aliomba kuhamia, na mimi nikahamishwa pamoja naye, mimi na taipu yangu, kama fenicha. Sababu yake ilikuwa mdogo wake, Goreti. Mama yao alifariki mapema, Klementina akamlea Goreti mgongoni, na sasa Goreti alikuwa ameolewa Likunja na mkulima kijana aitwaye Dastani. Kutoka kwa Dastani mpaka barabara kubwa zinakopita pikapu ni njia ya miguu: mchanga, halafu korongo, halafu mchanga tena. Mjamzito akizidiwa, alibebwa kwenye kitanda cha kamba mabegani mwa wanaume wanne, kama wanaume wanne walikuwepo. Wengine walifika barabarani. Wengine hawakufika, na wanawake wa Likunja wangekutajia majina yao bila kupandisha sauti.

"Mimi nataka Goreti azae na aishi," Klementina aliniambia siku tunafungua maboksi ya ofisi mpya. "Mengine yote ni mshahara."

Kwa hiyo mwaka 1997, shirika lilipokubali kutengeneza matela ya kubebea wagonjwa, yale ya kufungwa nyuma ya baiskeli, Klementina aliviandika vigezo vyake kwa jasho. Aliitembea ile njia mwenyewe, viatu mkononi. Akafikiria kila kitu. Mgonjwa asidondoke: basi tela liwe na kuta za mbao pande zote. Mrefu asikunje miguu: basi liwe refu kupita mtu mzima. Korongoni baiskeli haipiti: basi sanduku lichomoke kwenye magurudumu yake, liwe na mikono minne, wanaume walibebe begani wavuke nalo. Jua na mvua: basi liwe na kifuniko cha turubai. Turubai lililopatikana madukani lilikuwa la kijani, akaandika kijani. Nikachapa yote. Bwana Eliudi, mkuu wetu, mtu wa Dodoma, mpole na mwangalifu, alisoma akasema hajawahi kuona vigezo vilivyokamilika namna ile. Na kweli vilikamilika. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tumeandika nini. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa na sababu yake, na sababu zilikuwa nzuri, tukasahau kurudi nyuma kidogo tukatazama.

Zabuni akaishinda Bonifasi. Siku aliyoleta tela la kwanza tulitoka nje wote. Lilikuwa nyuma ya pikapu, turubai limevutwa vizuri juu yake. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo ya maji alisimama, akaitua ndoo, akajitanda kanga kichwani, akatusogelea.

"Poleni jamani," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amefariki?"

Bonifasi alicheka mpaka akakaa chini. Klementina hakucheka.

"Mtani, umefanya nini?"

"Nimefanya ulichoandika, Mmwera. Soma karatasi yako. Sanduku refu kupita mtu, mikono minne ya kubebea begani, kifuniko cha kijani. Au umesahau kuandika shimo?"

Alisoma. Alipima. Alilala chini akachungulia. Kila kitu kilikuwa sawasawa na mkataba, mbao nzuri, kona zimeshikana, kazi safi kuliko zote alizowahi kutufanyia huyo Mngoni. Ikambidi atie sahihi kwamba amepokea.

"Uliona tangu mwanzo," alimwambia.

"Niliona wakati napiga randa. Nikasema labda Wamwera siku hizi wanajiandaa mapema." Halafu, kwa sauti nyingine, akaongeza, "Mkataba haukuniuliza naona nini, mtani. Uliniambia nitengeneze."

Tela lilipelekwa zahanati ya Likunja. Likawekwa ukutani, na watu wakawa wanazunguka upande wa pili wasipite karibu nalo. Baada ya muda mtu mmoja jasiri akaanza kuanikia makopa ya muhogo juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo kazi pekee lililofanya.

Zikaja mvua za Elinino, zile zilizokata barabara za kusini nzima, na katikati ya mvua hizo Goreti akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Muuguzi wa zahanati aliona mambo si mazuri, akasema aletewe tela apelekwe hospitali. Mama Dastani, mkwe wake, mwanamke wa Kimwera wa zamani ambaye Kiswahili alikizungumza pale tu kilipomlazimu, alisimama mlangoni.

"Nkwe wangu nzima," alisema. "Nkwe wangu nzima silazi kwenye jeneza mimi. Kifo kikiona kitanda chake kinakuja kulala."

Wakaenda kutafuta kitanda cha kamba, wakaenda kutafuta wanaume, wakaondoka jua limeshapanda. Korongo lilikuwa limejaa. Wangekuwa wamevuka mapema, kabla maji hayajateremka kutoka juu, kama wangeondoka na tela pale pale. Walisubiri ukingoni, na ukingoni hapo Goreti akajifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Goreti mwenyewe alinusurika.

Mimi nilimchukia Mama Dastani, na nilisema hivyo ofisini waziwazi. Nilimwita mjinga. Klementina aliniacha nikamaliza.

"Ashura, wewe ungemlaza mwanao mle?"

"Ningemlaza."

"Usiseme uongo mchana." Akakaa. Alikuwa amekonda kwa siku chache tu, macho yamezama. "Yule mama hana kosa. Mtoto yule nimempoteza mimi, kwa karatasi yangu. Niliandika kama naandika gunia. Lisimwagike, lisilowane, libebeke. Sikuandika kama naandika mtu anayejua anapelekwa."

Huzuni yake hiyo aliibeba zaidi ya miaka miwili, na ninaposema aliibeba namaanisha kwamba aliifanyia kazi. Alirudi Likunja mara kwa mara. Hakuwauliza wanawake wanataka nini, kwa sababu ukimuuliza mwanamke wa kijijini anataka nini atakuambia chochote mtakachotoa tutashukuru. Aliwauliza wanaogopa nini. Ukiliona lile la kijani, unaogopa nini hasa? Mmoja akasema anaogopa kifuniko. Mwingine akasema humo ndani unatazama mbingu tu, hujui umefika wapi, na anayetazama mbingu tu ni marehemu. Dionisia, mke wa mwenye kinu, akasema, "Naogopa kwamba nitaita, nao watakuwa wanazungumza mambo yao huko mbele, hawatanisikia."

Mwaka 2000, mikorosho ikiwa imeanza kuchanua, Goreti akaleta habari kwamba ni mjamzito tena. Angejifungua masika. Klementina akaenda kwa Bwana Eliudi kuomba tela jipya.

"Nitakukubalia," Bwana Eliudi alisema, "lakini dada yangu, nikwambie ukweli. Wafadhili wameona picha ya lile la kwanza lina makopa juu. Hili nalo likikataliwa, matela yamekwisha. Siwezi kuomba tena."

Akaandika. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa: Tela lisifanane na jeneza. Bwana Eliudi akaitoa. Alimwambia huwezi kuweka jambo kama hilo kwenye mkataba, fundi atabisha kwamba jeneza la kwao halifanani hivyo, na utampimia kwa rula gani? Klementina alinuna, lakini akakiri kwamba hapo kweli mtu anaweza kupita. Ikabidi hofu zile zigeuzwe kuwa vitu vinavyoshikika. Mgongo wa tela uinuliwe, mgonjwa akae nusu ameegemea, aone njia mbele yake. Kuta za mbao ziondoke, pande zisukwe kamba kama kitanda cha nyumbani. Kifuniko kiondoke, badala yake kiwe kivuli kilichosimama juu ya nguzo, mtu akikaa wima asikiguse kwa kichwa. Na mahali ambapo mkono wa mgonjwa unafika bila kujinyoosha, kuwe na kengele.

"Kengele ya nini?" niliuliza, maana nilikuwa nimeshachoka kuchapa.

"Aite, wasikie," alisema. "Na wanaopita wajue aliyemo ni mzima. Maiti hapigi kengele."

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha ugavi. Aliwaita mafundi wote wa Nachingwea na Ruangwa waliotaka kuomba kazi ile, akawaketisha kwenye banda la ofisi, akawapa chai na maandazi, akasema, "Nitawasomea vigezo. Nyinyi niambieni mtaniibia wapi." Sheria za manunuzi zilizokuja baadaye zina taratibu zake za kukutana na wazabuni. Sisi tulikuwa na maandazi.

Mafundi waliangalia chai zao. Nani atamwambia afisa jinsi atakavyomwibia? Walikuwa na adabu zao. Mmoja tu hakuwa nazo, na kwa mila hakutakiwa kuwa nazo.

"Soma taratibu, Mmwera," Bonifasi alisema, andazi mdomoni, "nikuibie vizuri."

Alisoma kuhusu mbao ngumu.

"Hapo nimeshakuibia. Mkorosho ni mgumu, waulize watoto wanaoanguka kutoka juu yake. Taja mti."

Klementina akaandika: mninga. Akasoma kuhusu kamba.

"Nitakuletea kamba ya kufungia mbuzi. Mvua moja, mgonjwa yuko mchangani."

Akaandika. Akasoma kuhusu kengele.

"Nitakuletea kengele nzuri inayong'aa. Umesema wapi kwamba ilie?"

Banda zima likacheka, na sasa mafundi wengine wakapata moyo, mmoja akataja ekseli, mwingine akataja misumari inayotoboa nguo. Mimi nilikuwa nachapa nafuta, nachapa nafuta, nawalaani wote kwa ndani. Mwishoni Klementina akauliza atajuaje kwamba kweli mgonjwa anaweza kukaa humo njia nzima.

"Rahisi," alisema Bonifasi, ameinuka anajifuta makombo. "Andika kwamba kabla ya kulipokea, aliyelitengeneza akae humo mwenyewe, akokotwe kutoka zahanati ya Likunja mpaka barabarani, siku ya gulio, katikati ya watu. Akifika mzima, lipokee. Akifika amekufa, mmeshapata na kitanda chake."

Walicheka tena. Klementina hakucheka.

"Andika, Ashura," alisema.

"Mtani, natania!"

"Najua unatania. Andika, Ashura."

Nikaandika. Ni kifungu pekee cha Klementina nilichokichapa mara moja kikaisha.

Bonifasi alidai mbele ya watu kwamba haombi kazi yenye masharti ya kichaa. Halafu akaomba, na bei yake ikawa nafuu kuliko za wenzake. Nadhani hakutaka fundi mwingine yeyote apate heshima ile.

Siku ya gulio tukaenda Likunja. Tela lilisimama mbele ya zahanati, la mninga na kamba nyeupe, kivuli chake kimesimama juu. Klementina akazunguka, akapima, akazamisha mkono kwenye kamba akazivuta, akalala mchangani akachungulia chini. Kisha akanyoosha kidole. Bonifasi akavua kofia, akapanda, akaegemea. Dastani akapanda baiskeli, vijana wawili wakashika nyuma, wakaondoka.

Mwanzoni watu wa sokoni walikaa kimya. Niliuona ukimya ule, nikaogopa kwa ajili ya Klementina. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma ya mafungu yao ya muhogo na choroko, kanga mdomoni. Ndipo Bonifasi akaipiga kengele. Akaipiga kwa nguvu zote, akapaza sauti, "Wamwera! Mbona hamsalimii? Mgeni wenu Mngoni anapita, mmemkodishia gari, hata maji hamjampa!"

Mzee mmoja muuza tumbaku akamjibu kwamba kumbe Wangoni wanaletwa kuzikwa kwetu, kwao udongo umewakataa. Basi ikawa kama mtu amefungua bomba. Walimtupia maneno, wakamtupia maganda ya ndizi. Watu walimwimbia kwamba Mngoni mwoga wa kutembea, anabebwa kama bibi harusi, na wimbo ule ukatungwa pale pale na kushika mdomoni. Tela liliruka kwenye mizizi, naye akalalamika kwa kengele. Mchangani likazama kidogo likatoka. Kwenye korongo wakalibeba begani na yeye ndani yake, akiwatukana kila mmoja kwa jina la ukoo wake, na watu nyuma yao wanavuka wakiimba. Nimeona watani wakifanya hivyo misibani, wanacheka mpaka kifo kinaona aibu kukaa. Sikujua kwamba kinaweza kufanyiwa hivyo kabla hakijafika.

Mama Dastani alikuwa amefuata mpaka barabarani, fimbo mkononi. Bonifasi aliposhuka, anajishika kiuno, mama yule alilisogelea tela, akaligonga kwa fimbo, akageuka, akakaa humo yeye mwenyewe. Aliegemea. Akatazama njia mbele yake, akatazama kivuli juu. Kisha akapiga kengele, mara moja tu, kwa kidole.

"Huyu Ngoni kelele tupu," alisema. "Lakini nkwe wangu atakaa hapa."

Klementina akatia sahihi juu ya tandiko la baiskeli.

Mengine yalifuata. Yalitengenezwa matela kama lile ya Nanganga, ya Naipingo kwao, na vijiji vingine ambavyo sikufika, na karatasi ile nikaichapa mpaka herufi zikachakaa, mpaka ikaja kompyuta. Klementina alistaafu mwaka 2008. Leo yuko Naipingo, ana mikorosho yake, na wanunuzi wa korosho wanamwogopa kwa sababu sasa yeye ndiye anayewakagua mizani. Kijana aliyeshika meza yake alikiondoa kile kifungu cha fundi kukaa ndani ya tela, eti hakina hadhi. Nilimwambia aende Likunja akawaambie wanawake wa kule habari za hadhi. Hakwenda.

Lakini ninapotaka kumalizia ni masika ya mwaka 2001.

Uchungu ulimshika Goreti alfajiri, mvua ya usiku imeacha matope. Safari hii Mama Dastani hakusimama mlangoni. Alikwenda mwenyewe kuligonga dirisha la muuguzi. Goreti ndiye aliyenisimulia njia ilivyokuwa. Alisema aliona kila kitu: mti wa kwanza, kisima, nyumba ya mwenye kinu, Dionisia ametoka nje anapunga mkono. Alijua korongo liko mbele kabla hawajafika, akajiandaa. Uchungu ukizidi alipiga kengele, wanasimama, ukipungua anapiga tena, wanaondoka. Wale vijana walianza kuimba ule wimbo wa Mngoni mwoga wa kutembea, yeye akawaomba waache kwa sababu kicheko kinamuuma, nao hawakuacha. Walivuka maji yakiwa magotini. Barabarani pikapu ilikuwa inasubiri.

Tulipofika hospitali, Klementina na mimi, ilikuwa mchana. Goreti alikuwa amelala, amechoka, mzima. Pembeni yake kulikuwa na mtoto wa kiume, amefungwa kwenye kitenge cha bibi yake. Klementina alisimama mlangoni, hakuingia, kama mtu aliyefika nyumba asiyoijua. Habari zilikuwa zimemfikia Bonifasi naye, na akaingia akitupita, akamwamkia Mama Dastani kwa heshima, kisha akamwinamia mtoto mikono nyuma, uso wa mkaguzi.

"Hm," alisema. "Hana meno. Nywele hazitoshi. Shingo haijashikana. Na naona anavuja. Mtani, kwa vigezo vyako wewe huyu hapokelewi. Mrudisheni kwa mzabuni."

Dastani akacheka, Goreti akashika tumbo, akamwambia nyamaza wewe. Klementina akaja taratibu, akamchukua mtoto. Mikono yake ikaanza ile kazi iliyoizoea. Akamgeuza, akautazama mgongo, akahesabu vidole, akashika unyayo. Nikangoja aseme kwamba hapa mtu anaweza kupita. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya kitenge, na nilikuwa sijawahi kumwona akilia, si kwa baba yake, si kwa yule wa Elinino.

"Nimempokea," alisema. "Hivyo hivyo alivyo."

Bonifasi alivua kofia, akamsogezea mtani wake kiti.